Kisufuria Nyuma ya Kuni

Mimi si mwepesi wa kumwamini mtu, na sioni aibu kusema. Lakini mbele ya Kaltumu nilikuwa mwanafunzi tu. Mwanamke huyo, aliyewapikia pilau ya harusi nusu ya watu waliooana Gisenyi, alikuwa kila akitoka nyumbani anafungua debe la unga, anausawazisha vizuri, kisha anakandamiza kiganja chake juu yake. Akirudi, kabla hajavua viatu, anakwenda kuangalia kama alama ya mkono bado ipo. Ikiwapo haridhiki. Anaweka mkono wake juu ya ile alama na kulinganisha vidole, asije mtu akawa amechota unga na kupiga kiganja chake mwenyewe.

Mimi naitwa Rayhana, fundi cherehani. Nimezaliwa Kigoma, wazazi wakanirudisha huku Gisenyi nikiwa msichana, ndiyo maana mpaka leo watu wa mtaa wetu wa Majengo hunicheka kwamba naongea kama redio. Cherehani yangu iko barazani, na baraza yangu inatazamana na mlango wa Kaltumu. Kati yetu ni kichochoro tu. Hakuna anayeingia wala kutoka kwake nisimwone, nitake nisitake, na mara nyingi nataka.

Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Mume alikufa mapema, akamwachia watoto watatu na mwiko wa kugeuzia pilau. Alipika shughuli za Waislamu na za Wakristo, alipika mpaka kwa wavuvi wa Nyamyumba, kule ziwani, waliokuwa wanamlipa nusu kwa samaki, na kila alichopata alikigeuza jiwe. Mawe meusi ya mlimani, yale ya volkano, akayapanga moja juu ya jingine. Mlangoni akaweka kizingiti kirefu cha jiwe, karibu kufika katikati ya muundi, kwa sababu mvua ikinyesha maji ya kichochoro yalikuwa yanaingia sebuleni. Kwa miaka yote wageni wake walikuwa wanainua mguu kama wanaoruka mtaro. Asiyekijua alianguka, na Kaltumu alicheka.

Watoto wake ni Twahir, anayeuza vipuri vya pikipiki upande wa Mbugangari. Umutoni, aliyeolewa Kigali. Na Abdu, kitinda mimba, aliyefariki kwa homa kabla hajapata mtoto. Abdu aliacha mjane. Munezero jina lake, binti wa wavuvi wa Nyamyumba, aliyesilimu siku ya nikaha akapewa jina la Maryam ambalo hakuna aliyewahi kulitumia. Eda ilipokwisha, mtaa mzima tulingoja afunge nguo zake arudi kwao ziwani. Hakufunga.

Hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Mwanamke mwenye nguvu zake, hana mtoto wa kumfunga pale, anabaki kumkanda miguu mama mkwe mkali vile? Alikuwa haongei sana, na mtu asiyeongea sana hunitia wasiwasi. Siku nyingine alimpandisha Kaltumu pikipiki, wakateremka mpaka kwenye maji ya moto kule Nyamyumba, akamlowekea magoti. Majirani wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema huko anampeleka kwa mganga wao. Mwingine akasema anamlainisha ili amwandikie nyumba. Mimi sikusema kitu, ila niliwaza yote mawili.

Uzee ulimjia Kaltumu kwa mkono. Magoti yalikuwa yanauma siku nyingi, lakini mpishi anaweza kupika amekaa. Mkono ndio uliomwaibisha. Kwenye harusi moja alifunua sufuria kubwa, mkono ukatetemeka, mvuke ukampiga kifuani mpaka shingoni. Alipopona kidonda, akajikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe akitoka kwenda dukani. Nilimwona akianguka. Hakupiga kelele. Alibaki amelala nusu ndani nusu nje akikitazama kile kizingiti kama mtu aliyesalitiwa, na Munezero akaja mbio akamnyanyua.

Baada ya hapo wanawe walitaka kuzungumza. Umutoni alizungumza kwa simu, sauti imefunguliwa ili wote wasikie: Mama aje Kigali, kuna chumba, ingawa ni ghorofani. Twahir alikuwa amekaa sebuleni, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimepeleka gauni.

"Mama, we sasa umechoka," Twahir alisema. "Hii nyumba ni kubwa juu yako. Tuuze, tugawane vile dini inasema, we utakaa kwangu."

"Mi niko napumua, mwe munagawana?"

"Si hivyo, Mama."

"Kwako nitalala wapi?"

"Bon, tutaona."

Nilimwona Kaltumu akilimeza lile neno. Mwana alipoondoka, alisimama mlangoni ameshika mwimo, akamsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona.

"Rayhana," aliniambia, "huyu mutoto akikuja hapa anaangalia mabati kwanza, nyuma anaangalia mi. Umeona?"

"Nimeona, Mama."

"Na huyu mwingine?" Alielekeza kidevu uani, Munezero alikokuwa anafua. "Huyu hajaangalia mabati hata siku moja. Ao anaangalia wakati mi sioni."

Siku chache baadaye alimwita Mwalimu Mudathiru wa madrasa, akaniita na mimi niwe shahidi. Munezero alikuwa ametumwa sokoni makusudi. Mwalimu ni mtu mpole, anapenda chai yenye tangawizi nyingi, na hapendi ugomvi wa mirathi kwa sababu, anavyosema, huko ndiko watu wanaosali pamoja wanakoacha kusalimiana.

"Mwalimu," Kaltumu alianza, "nikikufa, huyu mukazana wangu, muke wa Abdu, anapata nini?"

"Kwako? Hapati kitu. Mumewe alitangulia, na yeye si damu yako."

"Nikiandika wasia?"

"Wasia mwisho wake theluthi. Na wewe mali yako ni nyumba, huna kingine."

"Donc? Nifanye nini?"

"Donc ukitaka kumpa, mpe ukiwa hai, mzima, na akili zako. Hiyo ni hiba. Lakini hiba si maneno, Mama Twahir. Nyumba lazima uikabidhi. Unatoa vyombo vyako vyote, unatoka na wewe, unampa ufunguo, inakaa mkononi mwake. Baadaye akikukaribisha, unaingia kama mgeni wake. Ukibakisha kitu chako ndani, hata kama ni kidogo, bado hujatoa. Na ukifa kabla hujamaliza kutoa, inarudi kwa warithi."

Ofisi ya sekta, wanakoandikisha hati za nyumba, tulikuwa tumekwishakwenda naye, wakamwambia arudi na wanawe, familia ikubaliane kwanza. Na Twahir alikuwa amesema mbele ya watu msikitini kwamba yeye hapingi dini: hiba ikitimia, atatia saini, isipotimia, asisumbuliwe; Umutoni akasema kwa simu kwamba atakalokubali Twahir naye amekubali. Kwa hiyo jambo lote lilikuwa pale, kwenye kutoka.

"Yaani nijifukuze mi mwenyewe," Kaltumu alisema.

"Ndivyo ilivyo."

Mwalimu alipoondoka nilimuuliza Kaltumu kama kweli anamwamini Munezero kiasi hicho. Alinitazama kama niliyeuliza upumbavu.

"Nani amekuambia namuamini? Namupa nyumba nimuone. Mutu unamuona wakati amepata, si wakati anatafuta."

Nikamwambia kwamba akishamwona mbaya, nyumba itakuwa imekwenda. Alianza kutafuta miwani yake.

Siku ya kuhama, mtaa ulijaa macho. Mkokoteni ulivuka kichochoro mara nyingi, kutoka mlango wake kuja mlango wangu, maana alikuja kwangu. Kitanda na godoro, sanduku, mikeka, masufuria makubwa ya shughuli yaliyonijazia ukumbi wote, miiko, sinia, mpaka ufagio. Kaltumu mwenyewe alizunguka ndani na fimbo yake akiangalia kila chumba. Jikoni uani alichelewa. Nilimngoja langoni nikafikiri anaaga jiko lake, nikamhurumia.

Kisha akampa Munezero ufunguo, mbele ya Mwalimu na mashahidi kutoka msikitini. Nilikuwa namkodolea macho Munezero nione furaha itachomozea wapi. Haikuchomoza popote.

"Mama, mi sikuomba nyumba," alisema.

"Nimekuuliza kama uliomba? Pokea."

"Umekubali?" Mwalimu aliuliza.

Munezero aliutazama ule ufunguo, akamtazama mama mkwe wake machoni, kwa muda mrefu kupita kiasi. "Nimekubali," akasema. Nikajisemea moyoni: huyu alikuwa na jibu lake toka zamani, alikuwa anatupimia kimya tu.

Tulitegemea Kaltumu alale kwangu siku mbili tatu, watu wajue nyumba imetoka mkononi mwake, kisha akaribishwe arudi. Munezero alikuja kesho yake asubuhi kumkaribisha. Kaltumu akakataa.

"Bado," alisema. "Niko naangalia."

Basi akaangalia. Alikichukua kiti changu cha barazani, kile chenye mto, akakielekeza kwenye mlango uliokuwa wake, akakaa. Mimi nashona, yeye anapeleleza. Munezero akimletea chakula, Kaltumu anasubiri ageuke, kisha ananisukumia sahani nionje kwanza. Nikionja na kubaki hai, anakula, na bado anasema chumvi imezidi. Munezero akija kumwogesha, anaoga, anakandwa miguu, anashukuru kwa sauti ndogo, na mlango ukifungwa ananiuliza: "Umeona vile ananyamaza? Kuna kitu."

Na kweli palikuwa na kitu. Siku ile ile ya kuhama, jioni, Munezero alinijia na kipande cha kitenge cha zamani, cha njano chenye maua ya buluu, akaniomba nimkatie duara na kutia mpira ukingoni.

"Ya kufunika kitu," alisema. "Panya wasikule."

"Kitu gani?"

"Kitu tu, Dada Rayhana."

Nilimshonea. Nilimwambia Kaltumu usiku huohuo, naye akatikisa kichwa. "Mutu mwenye kitu kizuri anakitaja jina," alisema. Mimi nikawaza dawa. Nikawaza chungu kidogo chenye majani ndani, kimefunikwa kwa mshono wangu mwenyewe, nikajuta kutia mpira.

Kisha akaja kaka yake, Valens, mvuvi anayejua pia kazi za kujenga. Alisimama mlangoni akapima chini kwa kijiti, akapima na pembeni. Kaltumu alinishika mkono nikiwa katikati ya pindo.

"Anapima mulango."

"Naona, Mama."

"Anauza. Ao anaingiza kitanda ya mwanaume."

Kesho yake Valens alirudi na nyundo, tindo na ndoo ya sementi. Munezero akatundika shuka zito mlangoni, tukasikia kugonga tu, jiwe kwa chuma, mchana kutwa. Shuka halikuondolewa. Siku zilizofuata watu wa nyumba ile walikuwa wanapitia mlango wa uani. Nilijaribu kuchungulia nikienda dukani, sikuona kitu. Kaltumu alianza kukosa hamu ya kula. Alikonda usoni. Nilimwambia avuke kichochoro, aulize. Akasema mwenye nyumba haulizwi anachofanya kwake, na alivyosema "kwake" sauti ilimkatika.

Maneno yakamfikia Twahir. Yalimfikia yakiwa yamenona: kwamba mama yake amefukuzwa, analala kwa fundi katikati ya masufuria, na yule mwanamke wa ziwani amekwishaanza kuvunja nyumba. Alikuja na pikipiki, hakuzima hata mota vizuri, akapita mlango wa uani. Mwalimu aliitwa. Kaltumu akanishika bega tukavuka. Hatua zile chache alizipiga kama anakwenda hospitali kusikia majibu.

Munezero alikuwa uani anachagua sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kwenye sinia. Alisimama, akajifuta mikono.

"We!" Twahir alimwambia. "Mama alikulisha, alikuvisha, leo analala inje?"

"Nilimukaribisha. Anakataa," Munezero alisema.

"Uongo!"

"Si uongo," Kaltumu alisema. "Mi nilitoka mwenyewe. Nimemupa nyumba. Hiba. Mwalimu iko hapa."

Twahir hakushangaa sana. Maneno ya namna hiyo yalikuwa yamekwishamfikia. Alivua kofia ya pikipiki, akamgeukia Mwalimu kwa heshima, na heshima ile ilinitisha kuliko kelele zake.

"Mwalimu, mi nilisema mbele ya watu. Hiba ikitimia, naweka saini. Sirudi nyuma. Nauliza tu: imetimia?"

"Alitoka, akakabidhi ufunguo, mashahidi wapo," Mwalimu alisema.

"Alitoa vitu vyake vyote?"

"Alisema ametoa."

Twahir akamtazama mama yake. "Mama. Ulitoa vyote?"

Macho ya Kaltumu, kwa nukta moja tu, yaliruka kwenda jikoni.

Twahir aliyaona. Ni mwanawe, amekulia kwenye macho hayo. "Mi namujua mama yangu," alisema, akicheka bila furaha. "Hajawahi kutoa kitu chote. Hata sukari anakugawia, anabakiza ya kwake chini ya kopo."

Akaingia jikoni. Tukasikia kuni zinaanguka, moja moja, kisha kwa pamoja. Alipotoka alikuwa ameshika kisufuria kidogo chenye mkono mmoja, kimeungua kitako. Nilikitambua. Kila mpishi wa Gisenyi aliyepita mikononi mwa Kaltumu anakijua: kisufuria cha kuonjea. Kabla ya kupika sufuria kubwa ya harusi alikuwa anapika kwanza kidogo humo, anaonja, anaongeza karafuu, ndipo anaanza kazi. Katika vyombo vyake vyote, hicho ndicho kilichokuwa chake hasa.

"Hii ni ya nani?" Twahir aliuliza, ingawa kila mtu alijua.

Mwalimu alishusha pumzi. "Mama Twahir, ulikisahau?"

Ulikuwa mlango wa kutokea, na Mwalimu aliufungua kwa huruma. Kaltumu akakataa kupita.

"Sikukisahau. Nilikificha. Nilisema, huyu mutu akiniharibikia, nitasema kitu yangu iko ndani, hiba haikukamilika, nyumba inirudilie."

Mwalimu akasema polepole kwamba basi haikukamilika. Twahir akaweka kile kisufuria juu ya mawe ya kufulia, na sitasahau uso wake: hakuwa na furaha ya mshindi, alikuwa na uso wa mtu aliyeondolewa mzigo mgongoni. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Nyumba itauzwa, mama atahamia kwake, na tutaona. Munezero alikuwa amesimama palepale, mikono inanuka samaki, mjane asiye na mtoto wala hati wala ndugu hapa mjini, na hakulia.

Mimi nilikuwa sitazami watu. Nilikuwa natazama kisufuria. Kilikuwa kimefunikwa kwa duara la kitenge cha njano chenye maua ya buluu, na mpira ukingoni.

"Huu ni mshono wangu," nilisema.

Wote wakanigeukia, na niliona haya, lakini ulimi ulikuwa umekwishateleza. "Huu mfuniko nimeushona mimi. Munezero aliniletea kitambaa siku ile ile Mama alipohama, jioni yake."

Ilichukua muda kuwaingia. Kaltumu ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alimwendea mukazana wake bila fimbo.

"Ulikiona? Siku ya kwanza?"

"Niliona, Mama. Nilienda kuchukua kuni, nikakikuta."

"Ulijua kwa nini kiko pale?"

"Nilijua. Siku ya ufunguo Mwalimu alieleza mbele yetu wote. Na we najua vile uko."

"Mulango wa Rayhana ni hapo," Kaltumu alisema, na sasa alikuwa karibu kufoka. "Ungevuka tu, ungeniletea mukononi, nyumba ingekuwa yako kabisa kabisa! Kwa nini hukukitoa?"

Munezero aliangalia chini. Nilikuwa nimengoja miaka kumsikia akisema maneno mengi kwa mara moja, na alipoyasema aliyasema kwa sauti ya chini mpaka tukasogea.

"Nilisema, Mama ameacha njia ya kurudilia. Nikiitoa, atalala aje? Mutu mzee hana pa kurudilia hawezi kulala. Nikakifunika tu, panya wasiingie kwenye unga. Nyumba nikikosa, nitarudi kwa Valens. Lakini sikutaka uniogope."

Kaltumu alikichukua kisufuria, akavuta mpira, akakifunua. Ndani kulikuwa na unga wa muhogo, na juu ya unga, kiganja. Kidole kwa kidole kilikuwa kama alivyokiacha. Aliuweka mkono wake unaotetemeka juu yake kwa desturi, kulinganisha, na kwa sababu ya kule kutetemeka akaiharibu ile alama mwenyewe. Akautazama unga uliovurugika. Nilidhani atalia, lakini alianza kucheka, kisha akalia kweli, na mimi pia, siwezi kuficha.

Halafu alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akakikumbatia kisufuria kifuani, akapita katikati yetu akielekea mlango wa uani. Twahir alimwita. Hakugeuka. Tukamfuata mpaka kichochoroni, tukamwona anavuka peke yake, anapanda baraza yangu kwa kujishikilia, anakiweka kile kisufuria juu ya meza ya cherehani, juu kabisa ya gauni la mteja.

"Mwalimu!" alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Sasa?"

"Hakuna kingine?"

"Wallahi hakuna."

"Basi imetimia."

Twahir alisimama na kofia yake mkononi. Nilimtazama vizuri nikitafuta hila, sikuona ila mtu aliyechoka. "Nilisema nitaweka saini, nitaweka," alisema. "Lakini Mama, huyu akikufukuza, usiniite." Akawasha pikipiki. Sijui alisema kwa hasira au kwa kumwonya kweli. Pengine vyote.

Neno lile lilibaki kichochoroni baada ya moshi kuondoka. Lilikuwa la kweli, na Kaltumu alilijua. Hakuna tena kitu chake ng'ambo. Akikataliwa leo, hana la kumwambia Mwalimu wala sekta wala mtu yeyote. Alikaa kwenye kiti changu mpaka alasiri, hakuomba chai, macho kwenye lile shuka lililotundikwa mlangoni. Munezero alikuwa amerudi ndani. Alikuwa amemkaribisha mara moja tu, asubuhi ya kesho yake ya kuhama, akakataliwa, hakumkaribisha tena. Hata mimi, baada ya yote niliyoyaona, nilianza kuhesabu kimya chake na kuogopa.

Mwishoni Kaltumu alisimama. "Nipe fimbo," alisema. Alijifunga mtandio vizuri kama anayekwenda ugenini. Nilitaka kumshika mkono akanikatalia, nikamfuata nyuma. Tulipofika mlangoni alisimama mbele ya shuka, mwanamke aliyejenga kila jiwe la ukuta ule, akakohoa kidogo.

"Hodi," alisema.

Ndani tulisikia kitu kinasogezwa.

"Hodi humu ndani."

Shuka likavutwa. Munezero alikuwa amesimama na ufunguo shingoni kwenye kamba, na nyuma yake mlango wa chumba cha Kaltumu ulikuwa wazi, kimefagiwa, na kitanda cha Munezero mwenyewe kimewekwa pale kilipokuwa cha Kaltumu, kimetandikwa. "Karibu, Mama," alisema, akasogea pembeni.

Kaltumu aliinua mguu. Aliuinua juu kabisa, juu ya kizingiti, kama alivyouinua maisha yake yote, na mguu ukateremka, ukateremka tena, haukupata kitu. Kizingiti hakikuwepo. Palikuwa na sementi mpya, laini, inayoteremka kidogo kidogo mpaka sebuleni, bado ina rangi ya unyevu. Aliyumba, fimbo ikamponyoka, na Munezero akamdaka kwa mikono yote miwili.

"Nani ametoa kizingiti yangu?" alifoka Kaltumu kwa hofu, ameng'ang'ania bega la mukazana wake.

Kisha akatazama chini, pale alipoangukia siku ile, na sauti ikamshuka.

"Kizingiti yako," alisema.

Munezero alimshikilia hivyohivyo mpaka wakafika kitandani.